Baba mdogo hajawahi kuvuta sigara, sasa ameambiwa ana saratani ya mapafu: naomba kueleweshwa chanzo, aina na yanayoweza kumpata

Binti wa Tabata

Habari za wakati huu ndugu zangu. Naomba maelezo kutoka kwa wataalamu, na pia kutoka kwa yeyote ambaye amewahi kuuguza mgonjwa wa aina hii.

Baba yangu mdogo ana umri wa miaka 58. Amekuwa dereva wa malori ya makontena kwa muda mrefu, akitoka bandarini kwenda bandari kavu na kwenye maghala yaliyopo kando ya Barabara ya Mandela, na kabla ya kushika usukani alikuwa utingo wa malori hayo hayo. Hajawahi kuvuta sigara wala shisha. Alipoanza kukohoa alipelekwa hospitali, akapimwa makohozi na hakikuonekana kifua kikuu, lakini kwa kuwa picha ya kifua ilionyesha doa kwenye pafu la kulia, alianzishiwa dawa za kifua kikuu na akazimaliza zote. Kikohozi kilibaki pale pale. Akapungua mwili mpaka mkanda ukawa hauna tundu la kufungia, kisha pumzi ikaanza kumkatika hata akitoka chumbani kwenda msalani. Tulipompeleka hospitali nyingine alikutwa na maji mengi kifuani upande wa kulia, na yalipotolewa yalikuwa na damu. Maji hayo yalipelekwa maabara, akafanyiwa kipimo cha CT na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, na majibu yameandikwa kwamba ni adenokasinoma ya pafu, hatua ya nne. Amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Daktari alitueleza kwa utaratibu, lakini tulikuwa wengi katika chumba kidogo, shangazi analia, simu zinaita, na mimi niliyekuwa nimeshika karatasi ya majibu nilitoka na nusu tu ya maneno yake. Ndiyo maana nauliza hapa. Mtu asiyevuta sigara anaipataje saratani hii, na je, kazi ya lori inaweza kuwa chanzo? Hiyo adenokasinoma ina tofauti gani na aina nyingine, na tofauti hiyo inabadilisha nini katika matibabu? Kwa nini iwe hatua ya nne ilhali tuliambiwa uvimbe uko kwenye pafu moja? Na ni mambo gani yanaweza kumpata mwilini ambayo mama mdogo, ambaye ndiye anayemuuguza nyumbani, anapaswa kuyajua mapema ili yasimshtukize? Kuna ndugu wanaoshauri tumpeleke kwanza Handeni kwa mtaalamu wa mitishamba, na kikao cha familia kitakaa Jumapili. Ningependa niingie kwenye kikao hicho nikiwa ninaelewa ninachokizungumza.

Tabibu wa Zamu

Pole sana dada, na umfikishie mama mdogo pole zangu. Mimi ni daktari katika mojawapo ya hospitali za hapa jijini. Si bingwa wa saratani, lakini wagonjwa wa kifua hupita mikononi mwangu kabla ya kufika Ocean Road, kwa hiyo nitaeleza ugonjwa ulivyo, na maamuzi ya tiba yabaki kwa wenye faili lake.

Nianze na aina, kwa sababu hapo ndipo matibabu yanapoamuliwa. Saratani za mapafu hugawanywa katika makundi makubwa mawili kwa kuangalia seli zake kwenye hadubini. Kundi la kwanza ni la seli ndogo, ambalo ni takribani asilimia 15 ya wagonjwa. La pili, lenye takribani asilimia 85, ni la seli zisizo ndogo, na ndani yake mna adenokasinoma, saratani ya seli bapa, na saratani ya seli kubwa ambayo si ya kawaida sana. Saratani ya seli ndogo hukua kwa kasi na husambaa mapema, kiasi kwamba mara nyingi ini, mifupa au ubongo huwa vimeshaguswa siku mgonjwa anapogundulika. Kwa sababu hiyo upasuaji hufanyika kwa wachache mno, na tegemeo huwa ni dawa za saratani pamoja na mionzi. Huitikia dawa haraka mwanzoni, kisha kwa wengi hurudi. Tabia yake nyingine ni kutoa homoni ambazo pafu halikuumbwa kuzitoa, mojawapo ikiwa ile inayozuia maji kutoka mwilini, hata chumvi ya sodiamu kwenye damu ikashuka sana na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa. Nimewahi kuona familia ikihangaika na mambo ya jini wakati tatizo lilikuwa sodiamu. Aina hii ni nadra sana kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara.

Saratani ya seli bapa nayo ina uhusiano mkubwa na sigara, na kwa kawaida huanzia kwenye njia kubwa za hewa katikati ya kifua. Mgonjwa huweza kukohoa damu mapema, na njia ya hewa ikiziba hupata nimonia inayorudi sehemu ile ile ya pafu kila baada ya kutibiwa. Ukimwona mtu mzima aliyetibiwa nimonia ya mahali pamoja mara mbili au tatu, usiridhike na dawa nyingine ya vidonge, aangaliwe ndani.

Adenokasinoma, ambayo ndiyo ya baba, ni aina inayoongoza kwa wingi duniani, na ndiyo inayoongoza pia miongoni mwa wasiovuta sigara na miongoni mwa wanawake. Huanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu. Nyama ya pafu yenyewe haina neva za maumivu, hivyo uvimbe wa pembezoni unaweza kukua kwa muda mrefu bila mtu kuhisi kitu zaidi ya kikohozi kikavu, mpaka pale unapofika kwenye utando unaolizunguka pafu. Utando huo ukishambuliwa hutoa maji, na maji yakijaa hulibana pafu, ndiyo ile pumzi kukatika njiani kwenda msalani.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu hatua. Hatua ya kwanza ni uvimbe ulio ndani ya pafu pekee. Ya pili na ya tatu ni pale unapokuwa mkubwa zaidi, au umeingia kwenye tezi za pafu au za katikati ya kifua. Maji ya kifuani yakionekana kuwa na seli za saratani, kanuni za upangaji wa hatua zinauhesabu ugonjwa kuwa hatua ya nne moja kwa moja, hata kama haujaonekana nje ya kifua. Maana yake kwa vitendo ni kwamba kulikata pafu hakutauondoa ugonjwa, na tiba inalenga kuudhibiti, kupunguza mateso na kurefusha maisha. Sitakuficha: katika nchi zenye takwimu za kutosha, wagonjwa wa hatua hii wanaofikisha miaka 5 ni karibu mmoja kati ya 10 au pungufu. Hata hivyo wagonjwa hawa hawafanani, na sababu kubwa ya kutofautiana kwao ndiyo ninayotaka uiandike kwenye karatasi yako ya kikao.

Ulizeni kama sampuli ya baba imepimwa vinasaba, hasa mabadiliko ya jeni zinazoitwa EGFR na ALK. Mabadiliko haya hupatikana zaidi katika adenokasinoma, na zaidi kwa watu wasiovuta sigara, kwa hiyo baba yupo katika kundi ambalo kipimo hicho kina maana kubwa. Yakipatikana, kuna vidonge vinavyolenga jeni hiyo, kama gefitinibu, erlotinibu na osimertinibu kwa upande wa EGFR, ambavyo humezwa nyumbani na huweza kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu kuliko dawa za kawaida za mshipa. Bei yake ni nzito. Swali la bima au msamaha wa gharama liulizwe siku hiyo hiyo. Yasipopatikana, kwa kawaida hutumika dawa za mshipa kama sisplatini au kaboplatini zikichanganywa na nyingine, na kwa baadhi ya wagonjwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Mionzi hutumika kwa sehemu maalumu, kama mfupa unaouma au ubongo.

Kuhusu dawa za kifua kikuu, naelewa uchungu wenu. Mwongozo unaruhusu kumwanzishia mgonjwa dawa hizo hata makohozi yasipoonyesha vimelea, kwa sababu TB inaua na mara nyingine haionekani kwenye kipimo. Lakini mgonjwa ambaye hapati nafuu yoyote baada ya miezi miwili ya mwanzo anapaswa kuangaliwa upya kwa CT na kwa kinyama. Kikohozi, homa za jioni, kupungua uzito, kukohoa damu na doa kwenye picha ni vya magonjwa yote mawili, tena mtu anaweza kuwa nayo yote kwa pamoja, na kovu la TB ya zamani lenyewe huongeza uwezekano wa saratani. Katika nchi yenye TB nyingi kama yetu, hili ndilo pengo ambalo wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hupotelea.

Mdau wa Kigamboni

Dada, mimi ningewaomba muangalie jikoni. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani limethibitisha kuwa moshi wa makaa unasababisha saratani ya mapafu, na hapa Dar es Salaam karibu kila nyumba ina jiko la mkaa. Kama baba alikuwa akila kwa mama lishe kila siku pale anaposubiri kupakia, au nyumbani mnapikia ndani, basi chanzo kiko wazi na hakuna haja ya kusumbuka na malori.

Mkaguzi wa Usalama Kazini

Naomba nimrekebishe kidogo ndugu yangu wa Kigamboni, kwa sababu hapo pamechanganywa vitu viwili. Kilichowekwa katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo ushahidi wake kwa binadamu umetosha, ni moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba. Ushahidi mkubwa ulitoka China, katika eneo la Xuanwei mkoani Yunnan, ambako wanawake wasiovuta sigara walikuwa wakiugua saratani ya mapafu kwa wingi usio wa kawaida kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe yenye moshi kwenye majiko yasiyo na bomba la kutolea moshi. Majiko yenye bomba yalipowekwa, ugonjwa ukapungua. Moshi wa kuni na mimea umewekwa ngazi moja chini, kwamba kuna uwezekano mkubwa unasababisha. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 30 ana sababu ya kutosha ya kubadilisha jiko, na mkaa wetu una hatari yake nyingine ya hewa ya kaboni monoksaidi inayoua watu usingizini. Lakini mtu anayekula sahani ya wali kwa mama lishe na kuondoka hawezi kuhesabiwa hivyo.

Tuanze basi na mkosaji mkuu ili dada aone baba yake anakaa wapi. Sigara inasababisha takribani asilimia 85 ya saratani za mapafu duniani. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Benzopaireni, kwa mfano, ikishafanyiwa kazi na mwili hujibandika kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu, ikiwemo jeni ya p53 ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Seli moja haiharibiki kwa siku moja. Uharibifu hurundikana kwa miaka 20 au 30, ndiyo maana wagonjwa wengi ni watu wazima. Anayevuta sigara yupo katika hatari mara 15 hadi 30 zaidi ya asiyevuta. Anayeishi au kufanya kazi na wavutaji huvuta moshi wao, na hatari yake hupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo swali la kumuuliza baba ni hili: katika miaka yote ya kulala kwenye kabini na foleni za kusubiri kupakia, wenzake walikuwa wakivuta humo ndani? Mimi ninayekagua maghala najibiwa karibu kila mara kwamba ndiyo, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mbu.

Shisha nayo isidhaniwe kuwa ni mvuke wa matunda. Iliwahi kupigwa marufuku hapa mwaka 2016, na bado vijana wanaiona kama burudani salama. Kikao cha saa moja humwingizia mtu moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

Sasa dizeli. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliolinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London na wagonjwa wa maradhi mengine. Doll mwenyewe, kabla ya majibu kutoka, alidhani chanzo kingekuwa lami ya barabarani au moshi wa magari; takwimu zilipoinyooshea sigara kidole, akaacha kuvuta. Ilibidi ipite miaka 62 kabla ya dhana yake ya kwanza kupata haki yake: Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo lipo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli unasababisha saratani ya mapafu, likitegemea kwa sehemu kubwa tafiti za wachimba migodi, wafanyakazi wa reli na madereva wa malori. Mwaka uliofuata likaongeza hewa chafu ya nje kwa ujumla. Hatari inayotokana na dizeli ni ndogo sana ukiilinganisha na ya sigara, lakini ipo, na huongezeka kwa wingi wa moshi na urefu wa miaka. Utingo anayesimama nyuma ya lori kuongoza dereva anaporudi kinyumenyume ndani ya ghala lisilo na upepo, injini ikiunguruma na masizi yakitua kwenye kuta hadi zikawa nyeusi usawa wa bomba la moshi, anavuta kiasi kikubwa kuliko dereva aliye barabarani. Baba amepitia kazi zote mbili.

Ningeuliza pia mizigo aliyobeba na majengo aliyolala. Asbestosi, iliyotumika kwenye mapaa ya majengo mengi ya zamani na kwenye breki za magari ya zamani, ina nyuzi ambazo hukaa kwenye pafu na kuleta saratani baada ya miaka 20 hadi 40. Kwa mvutaji wa sigara hatari hizo mbili huzidishana. Asbestosi huleta pia mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando wa pafu na ni ugonjwa tofauti na wa baba. Vumbi la silika huwapata wapasua miamba na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Gesi ya radoni inatoka kwenye miamba yenye urani na ni tatizo kubwa katika baadhi ya nchi, ila kwa nyumba zetu za Pwani zilizo juu ya mchanga na zenye madirisha wazi siwezi kuipa uzito.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, hata hivyo, hakuna kipimo kitakachosema hii ilitokana na dizeli na hii ilitokana na bahati mbaya ya vinasaba; adenokasinoma hutokea pia kwa watu ambao hawana kisababishi chochote kinachojulikana. Pamoja na hayo, andikeni historia yake ya kazi, waajiri na miaka, kwa sababu ugonjwa uliotokana na kazi unaweza kudaiwa fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na dai bila historia hiyo halina mguu wa kusimamia.

Binti wa Tabata

Nashukuru sana Daktari, na wewe Mkaguzi. Nimemuuliza baba leo, akasema wenzake walivuta kweli na yeye alikuwa akilala nao kabini wakati wa foleni za bandarini. Kipimo cha vinasaba hakionekani popote kwenye karatasi zetu.

Nina mambo mawili yamebaki. Baba analalamika bega na mgongo usiku, na aliandikiwa mofini ya maji lakini mama mdogo ameificha kabatini kwa sababu jirani amemwambia kwamba akishaanza hiyo ndiyo mwisho. La pili, mtoto wake mkubwa ana miaka 34 na anavuta sigara tangu sekondari. Je, naye apimwe?

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, kwa miaka mingi, basi la kwanza niachie mimi, na daktari atakujibu la pili.

Mwambie mama mdogo aitoe hiyo chupa kabatini leo. Mofini ya maji hupewa mgonjwa mwenye maumivu makali awe anakaribia kufa au awe anaendelea na dawa za saratani na kwenda kazini. Hunywewa kila baada ya saa nne kwa kipimo alichoandika daktari, bila kusubiri maumivu yarudi, kwa sababu maumivu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa ajili ya maumivu, tena kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra sana kugeuka teja. Siku za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, na hayo kwa kawaida hupungua. Kisichopungua ni kufunga choo, kwa hiyo adai dawa ya kulainisha choo pamoja na mofini, na asipopewa arudi aulize. Nimeona wagonjwa wanaokataa mofini kwa sababu tu ya tumbo kujaa siku tano, na hakuna aliyewaeleza.

Maumivu ya bega yanaweza kutoka kwenye utando wa pafu au kwenye uvimbe wa juu ya pafu unaogusa neva za mkono. Ya mgongo ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa sababu saratani ya mapafu hupenda mifupa. Mwambieni daktari wa Ocean Road mara tu mtakapofika. Miguu ikianza kuishiwa nguvu, au ganzi ikapanda kutoka miguuni, au haja ndogo ikagoma, msisubiri kliniki wala asubuhi. Uti wa mgongo unabanwa, na saa zinazopotea ndizo zinazoamua kama atatembea tena.

Maji ya kifuani hurudi kwa wagonjwa wengi. Yakirudi yanaweza kutolewa tena, na kwa baadhi huwekwa dawa ya unga inayozigandisha zile tando mbili ili pasibaki nafasi ya maji kujaa. Akibanwa na pumzi usiku, msimlaze chali. Mkalisheni, mbele yake muweke meza ndogo yenye mito, aegemee hapo kwa viwiko, na feni ndogo impulizie usoni. Upepo wa usoni hupunguza ile hisia ya kuzama hata pasipo oksijeni, na watu hawaamini mpaka waone.

Damu kwenye makohozi ni ya kutarajiwa. Ikiwa ni michirizi, iandikwe na isemwe kliniki. Ikitoka nyingi, mlazeni kwa ubavu wa kulia, upande wenye ugonjwa, ili damu isitiririkie kwenye pafu zima, na mkimbilie hospitali. Mama mdogo aweke karibu na kitanda taulo la rangi nyeusi au nyekundu iliyokoza. Damu kwenye kitambaa cheupe huwatisha mgonjwa na watoto kuliko kiasi chake kilivyo.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Sauti ikikauka na kubaki hivyo, uvimbe au tezi zimebana neva ya koromeo la sauti. Uso na shingo vikivimba asubuhi na mishipa ya kifua ikatokeza, mshipa mkubwa wa damu unabanwa, na hiyo ni dharura. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, huenda damu imeganda. Kichwa kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika, degedege, au mtu kubadilika tabia ghafla, ni dalili kwamba ubongo uangaliwe. Kiu kali, choo kufunga na kuchanganyikiwa kwa pamoja huweza kuwa kalsiamu imepanda, na hiyo hutibika kwa maji ya mshipa na dawa.

Chakula kitawagombanisha, nakwambia mapema. Saratani yenyewe huondoa hamu ya kula, na mwili hukonda hata mtu akila. Mpeni kidogo kidogo, uji wenye karanga au maziwa, samaki laini, wakati anaotaka yeye, na msimlazimishe kumaliza sahani kama mtoto. Tena msingoje dawa zote zishindwe ndipo muulizie tiba shufaa. Ombeni ianze sambamba na matibabu mengine.

Tabibu wa Zamu

Sina cha kuongeza katika maelezo ya mama yetu muuguzi, isipokuwa kwamba mkifika kliniki mseme wazi kuhusu mitishamba yoyote atakayoitumia. Baadhi ya mimea, na hata tunda la balungi, hubadilisha jinsi vidonge vya saratani vinavyofanya kazi mwilini. Anayetaka kwenda Handeni asizuiwe kwa ugomvi, ila safari hiyo isitangulie rufaa. Maji yakijaa tena njiani hakuna atakayeyatoa.

Kuhusu kijana, kuwa na mzazi mwenye saratani ya mapafu huongeza hatari kwa kiasi fulani, lakini sigara yake mwenyewe ina uzito mkubwa zaidi. Picha ya kawaida ya kifua haifai kutafuta saratani kwa mtu asiye na dalili. Kipimo kilichoonyesha manufaa ni CT ya mionzi kidogo: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011, wenye washiriki zaidi ya 53,000, ulionyesha vifo vya saratani ya mapafu kupungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na picha ya kawaida. Lakini ulihusu watu wa miaka 55 hadi 74 waliovuta kwa wingi, na hata mapendekezo mapya ya Marekani ya mwaka 2021 yanaanzia miaka 50. Kwa kijana wa miaka 34 sioni sababu, hasa hapa ambapo makovu ya TB ni mengi na kila doa litamwingiza kwenye vipimo na hofu. Akiacha sasa, baada ya takribani miaka 10 hatari yake ya kufa kwa saratani hii itakuwa karibu nusu ya ile ambayo angekuwa nayo kama angeendelea. Akipata kikohozi kisichoisha kwa wiki tatu, au damu, hapo aje apimwe kama mgonjwa mwingine yeyote.

Jambo la kufanya kabla ya Jumapili ni hili. Kinyama alichotolewa baba kimehifadhiwa maabara ya ile hospitali ndani ya kibonge kidogo cha nta. Nendeni mkiombe, pamoja na vioo vyake vya hadubini, majibu ya patholojia yaliyogongwa mhuri na diski ya picha za CT, mkaviwasilishe vyote Ocean Road siku ya kwanza. Kipimo cha EGFR na ALK kinaweza kufanywa kwenye kibonge hicho hicho kama nyama iliyobaki inatosha. Mkienda na karatasi ya majibu peke yake, huenda ikabidi achomwe sindano ya kifua upya.